Kwa Nini Mama Yako Alikataa Uji

Mwanangu Mwajuma,

Amani iwe nawe, na iwe nami pia kama imebaki. Umekwenda Nsemulwa kumuaga shangazi yako Tatu, na kwa ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule. Nimerudisha mlango mmoja wa duka, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya masufuria, naandika. Mteja akija atagonga.

Sitakuambia habari za kufunga begi wala kushika simu vizuri kwenye treni. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukueleza miaka ya ugonjwa wa mama yako jinsi nilivyoiona nikiwa upande wangu. Tuliishi nyumba moja, tukamuuguza mtu mmoja, lakini kuna mambo hukuyaona, na moja kati ya hayo lilikuumiza bure.

Uniwie radhi kama barua ni kavu. Tangu tumzike mama yako niko kama mguu uliokaliwa muda mrefu: nikiugusa najua ni wangu, lakini haujibu. Majirani wanasema Baba Mwaju ni imara. Si uimara. Nafungua duka, naswali, nakula, nalala, na yote yanapita mbali kidogo, kama redio ya nyumba ya pili. Siku uliyochaguliwa chuo nilisema "hongera", ukaniangalia usoni ukitafuta furaha. Ilikuwepo, nadhani. Haikufika usoni tu.

Asubuhi aliyoanguka mama yako alikuwa anatwanga kisamvu uani. Nilisikia mchi umeanguka, nikadhani amechoka. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wa kwake, anataka kuniambia jambo na maneno yanatoka yamelowana. Shangazi yako alikuwa amelala kwetu. Akasema, "Hili ni jini. Aitwe mtu wa kumsomea." Mimi nilisimama. Unajua mtu akisimama tu, hana wazo hata moja? Ndivyo nilivyokuwa.

Wewe ukatoka ndani na sketi ya shule, soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

"Baba, mdomo umeenda upande. Hiki ni kiharusi. Twende hospitali sasa hivi."

"Wewe mtoto unajua nini?" shangazi yako akakuuliza.

"Tumefundishwa na mwalimu wa baiolojia. Shangazi, atasomewa akishatibiwa. Baba, bajaji iko hapo nje."

Tukaenda. Hujawahi kujisifia kwa hilo, na mimi sikuwahi kukushukuru. Ahsante, Mwaju.

Hospitali daktari aliniuliza kama mama yako ana presha. Nikamwambia anayo, ya siku nyingi. "Anameza dawa?" Nikajibu, "Akiumwa kichwa." Yule daktari aliweka kalamu mezani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba presha haimsubiri mtu aumwe kichwa, inafanya kazi yake kimyakimya. Mimi na mama yako tuliamini dawa ni ya maumivu. Akijisikia nafuu alivipandisha vidonge juu ya kabati, na mimi nikafurahi kwamba mke wangu amepona. Tulikuwa tunapeana hongera kwa kuwa wazima. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: hatukuwa wazembe, tulikuwa na furaha.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nesi alinionyesha namna ya kumgeuza kila baada ya muda asipate vidonda vya kulala, namna ya kumkalisha kabla ya kumnywesha ili asipaliwe, namna ya kumnyanyua kwa magoti na si kwa mgongo. Nilitikisa kichwa kwa kila kitu. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimesahau nusu.

Siku ya kwanza kumwogesha wewe ulikuwa shule. Nilichukua beseni kubwa kutoka dukani, nikachanganya maji, nikafunga mlango wa chumba. Nilikuwa mume wake miaka mingi lakini aibu ilinishika. Sikuwa namwonea aibu yeye. Nilijionea aibu mimi, kwamba mtu niliyezoea kumwona anabeba ndoo kichwani huku anacheka na jirani, sasa anangoja nimwinue mkono. Akaliona hilo. Maneno yalikuwa magumu kwake, lakini alisema, "Funga... macho."

"Nikifunga macho nitakuangusha, Mama Mwaju."

Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Nami nikacheka. Tangu siku hiyo kuoga hakukuwa kazi tena. Nakueleza haya kwa sababu watu watakuambia kuuguza ni moyo. Moyo unachoka mapema. Kilichonisaidia mimi ni kujua mahali pa kuweka mikono, na kupata mtu wa kucheka naye.

Halafu shangazi yako akaitisha kikao. Wewe ulikuwa jikoni, ulisikia sauti tu. Alisema mbele ya kaka zake na majirani, "Mwanamume hafui mashuka ya mgonjwa. Oa, upate mtu wa kukusaidia, au mrudishe kwao Mpimbwe, wana ndugu huko." Usimchukie kwa maneno hayo. Alikuwa ananiona nimekonda, naye ni dada yangu. Wote walinitazama wanasubiri jibu la kiume. Nikasema, "Kunyweni chai, inapoa." Wakanywa, wakaondoka, na mimi nikaenda kuyaanua mashuka. Yalikuwa yamekauka vizuri.

Sasa nifike pale ninapotaka.

Ulipoingia kidato cha nne ulianza kukosa shule. Kwanza siku moja moja. Baadaye ukawa unaamka, unapika uji wa ulezi, unamlisha mama yako, unamgeuza, unafua, na saa za shule zinapita. Nikikuuliza unasema, "Leo hakuna vipindi vya maana." Nami nilikubali, kwa sababu ulinipunguzia mzigo na nilikuwa nimechoka sana. Mtu aliyechoka anaamini haraka.

Ndipo mama yako akaanza kukataa uji wako. Unakumbuka. Ukipeleka kijiko anageuza uso ukutani. Ukibembeleza anasukuma kikombe kwa ule mkono mzima. Siku moja ulimwagika wote kwenye kanga yako, wa moto, ukatoka nje. Nilikukuta bombani unafua ile kanga.

"Baba, Mama hanitaki."

"Ni ugonjwa, Mwaju."

"Wewe akikuona anakula. Mimi nikimgusa anakunja uso. Nimemkosea nini?"

"Ni ugonjwa," nikarudia.

Ulilichukua hilo, ukalibeba. Najua bado unalo. Hata siku ya mazishi nilikusikia unamwambia rafiki yako kwamba mama yako alikuchoka mwishoni.

Hukuona jambo moja, mwanangu. Jumamosi alikula mkononi mwako. Jumapili pia. Sikukuu alikula mpaka akaomba uongeze. Alikataa siku za shule tu.

Hata mimi sikuliona mpaka nilipomgombeza. Asubuhi ile ya kanga, kabla sijakufuata bombani, niliingia chumbani nimekasirika. Nikamwambia, "Mama Mwaju, mtoto anaamka kabla ya adhana kwa ajili yako, halafu unamtupia uji. Umekuwa mtu gani?" Akaniangalia. Alikuwa anatafuta neno, na nilishazoea kumngoja.

"Shule," akasema.

"Shule imefanya nini?"

"Aende." Akapumzika. "Akinilisha... haendi."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia basi nitamweleza, mtoto ni mwelewa. Akanishika shati kwa ule mkono mzima, akavuta.

"Usimwambie. Ukimwambia... atabaki."

Nimeyaandika haya kwa mistari michache, lakini yalichukua muda mrefu, maneno yalikuwa yanatoka moja moja. Chai niliyokuwa nimeishika ilikuwa imepoa alipomaliza. Nikamwahidi. Ndiyo maana pale bombani, na kila ulipouliza tena baadaye, jibu langu lilikuwa lile lile, ni ugonjwa.

Kuanzia hapo nikawa nachelewa kufungua duka. Wewe ulikuwa unakasirika, unavaa sare, unaondoka na daftari zako bila kuaga vizuri. Mama yako alikuwa akikusindikiza kwa macho dirishani mpaka upite nyumba ya jirani yetu Mama Egidi. Ukishapita, ndipo anafungua mdomo. Alikuwa na njaa, Mwaju. Alikuwa na njaa kweli, alikula haraka mpaka nikawa namwambia taratibu. Na nikimpa kijiko cha kwanza, mara nyingi alikuwa bado anaangalia nje.

Hukuwa umemkosea kitu. Nimetunza ahadi mpaka leo. Sasa nakuambia kwa sababu hutabaki.

Nakunywa maji kidogo, narudi.

Mambo yangu mwenyewe ni mafupi. Wakati wote ule nilikuwa nakula nimesimama. Namalizia makombo ya mgonjwa, nikitoka nakunywa soda dukani ili nipate nguvu, usiku nakula ugali mkubwa na samaki, migebuka ya chumvi, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nasikia ladha yake. Silali. Siendi popote. Mtu akija kusaidia namwambia, "Tuko vizuri." Nilidhani mume mwema hatoki kitandani kwa mgonjwa. Siku nilipompeleka mama yako kliniki ya presha nikashikwa na kizunguzungu pale kwenye benchi, nesi akanifunga kile kipimo mkononi. Akaangalia, akapima tena.

"Mzee, huyu mama anatunzwa na wewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe unatunzwa na nani?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, nadhani anawauliza wengi. Mama yako akiwa kwenye kiti cha magurudumu aliinua ule mkono wake, akajinyoshea kidole kifuani. Nesi akacheka. Mama yako hakucheka.

Na kweli alinitunza. Nilirudi na vidonge vyangu, tukawa tunameza pamoja, yeye vyake na mimi vyangu, na nisipomeza yeye hamezi. Wewe ukaanza kupunguza chumvi, ukatuletea mlenda, mchicha, maharage, migebuka mibichi badala ya ile ya chumvi. Nilinung'unika, nakiri. Chakula cha siku za mwanzo kilikuwa kama karatasi. Baadaye ulimi ukazoea, na sasa nikila kwa watu naona wanakula bahari.

Nesi alikuwa ameniagiza pia nitembee kila siku, na kutembea ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu ilibidi nimwachie mtu mgonjwa wangu. Mama Egidi alikuwa ameshaomba mara nyingi. "Baba Mwaju, niachie mwenzangu jioni moja, nina mchele wa kuchambua, nitachambulia kwako." Mwisho nikakubali, nikashika barabara ya kwenda Ilembo, nageuka nyuma kila baada ya hatua chache. Kila niliyekutana naye aliuliza, "Baba Mwaju, kuna msiba?" Mwingine akanisimamishia pikipiki kwa huruma. Mtu mzima hapa akitembea bila shida inayompeleka, watu wanaona shida.

Niliporudi niliwasikia kabla sijafika mlangoni. Walikuwa wanaongea Kipimbwe, mambo ya kwao, mashamba ya mpunga, mtu fulani aliyeogopa ruba akakimbia na kuacha nguo. Kumbe mama yako Kipimbwe kilikuwa kinamtoka vizuri kuliko Kiswahili. Mimi nilikuwa nimemlazimisha miezi yote ile kusema kwa lugha ninayoijua mimi. Niliona wivu, Mwaju. Nilisimama nje na wivu wangu mpaka ukaisha, kisha nikaingia. Tangu siku hiyo Mama Egidi alikuja kila jioni na ungo wake, na mimi nilitembea, na presha yangu ikashuka.

Na ndivyo ilivyotokea kwamba siku alipokufa mimi nilikuwa barabarani.

Hujaniuliza habari hiyo. Umekuwa ukiizunguka. Ulikuwa umekwenda kufuatilia cheti chako, na mimi nilikuwa nimefika karibu na mashamba, nikanunua mchicha. Niliporudi, Mama Egidi alikuwa amekaa kitandani, ungo uko chini, mchele umemwagika, na amemshika mama yako mkono. Hakulia. Alisema, "Amekwenda sasa hivi tu, Baba Mwaju. Alikuwa ananisikiliza." Nikaweka mchicha mezani. Nikaenda kumgeuza, kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika. Mama Egidi akanishika bega, akasema, "Acha, baba." Nikaacha.

Watu wanapima kwa macho, najua. Mume alikuwa wapi? Alikuwa anatembea. Daktari alisema kiharusi cha pili kile kisingezuilika na mtu aliyekaa kitini. Namwamini. Lakini ile safari yangu ya jioni sijaitembea tangu siku hiyo, na wewe umeona. Na ndiyo maana mwezi uliopita uliweka barua ya chuo mezani, ukasema huendi.

"Nikiondoka utarudi kwenye soda, Baba."

"Huenda."

"Huoni? Hata hukatai."

"Nikikataa nitakuwa nakudanganya."

"Basi nabaki. Chuo kipo tu."

Nikatoka nje. Ulifikiri nimekasirika. Nilikuwa namwona mama yako amegeuza uso ukutani. Alikaa na njaa kila asubuhi ili usijifunze kubaki, halafu mimi nikupikishe maharage yasiyo na chumvi mpaka uzeeke? Lakini sikuweza kulisema hilo bila kuvunja ahadi, na ahadi nilikuwa bado sijajua kama imekwisha. Nikachagua njia nyingine. Kesho yake nilikwenda kliniki peke yangu, kwa miguu, nikapimwa, nikarudi na dawa, nikaziweka mezani mbele yako. Nikamwita Mama Egidi mbele yako pia, nikamwomba awe ananiuliza kila jioni kama nimekula. Aibu niliyoisikia wakati namwomba! Pengine ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu mazishi. Alijibu, "Nilikuwa nangoja uombe." Ndipo wewe ukaanza kufua nguo za safari.

Kwa hiyo usiondoke ukidhani unaniacha peke yangu. Unaniacha na watu, ila itabidi nijifunze kuwasumbua.

Watu wamekuuliza sana kwa nini hukuchagua unesi, mtoto aliyeuguza vile. Nilikusikia ukimjibu shangazi yako, "Nimeshauguza." Ukaenda kuchagua kupima ardhi. Nilikaribia kucheka. Ni sawa, Mwaju. Nenda ukapime mashamba, ukae juani, uwe na mambo yasiyo na harufu ya dawa. Kujua kutunza mtu hakukulazimishi kufanya hivyo maisha yako yote. Na ikitokea siku ukatunza tena, mume au mtoto au mimi, kula kwanza. Kaa chini ule. Mtu akisema nikusaidie, mpe kazi kabla hajabadili mawazo.

Presha ilikuwa kwa mama yako na iko kwangu, kwa hiyo wewe pima, hata ukiwa huumwi popote. Hilo ndilo agizo langu pekee, mengine nimeyaacha.

Sijui kesho jioni nyumba itakuwaje. Sitajifanya najua. Nitakusindikiza stesheni, begi tutampa kijana wa toroli, sisi tutakwenda kwa miguu tukipenda. Sitalia, usinisubiri nilie. Usifikiri pia kwamba kwa kuwa silii sina kitu ndani. Kipo, kimelala. Daktari anasema mguu uliokaliwa muda mrefu ukianza kuamka unauma, na maumivu hayo si mabaya.

Ukifika utanipigia simu. Nakujua, utaanza na "Baba, umemeza dawa?" Halafu "Umekula nini?" Halafu "Umetembea?" Salio litakwisha hujasema habari yako hata moja, kama ulivyozoea humu ndani tangu ukiwa kidato cha tatu. Usifanye hivyo. Dawa zangu ataniuliza Mama Egidi. Wewe niambie umelala wapi, umekula nini, nani amekuchekesha darasani, kitanda kipo juu au chini, una njaa au umeshiba. Mimi nitasikiliza. Anza na wewe.

Ni mimi baba yako,
Ramadhani